Santuri inazunguka, wimbo hautii: kutafuta tatizo la taimukodi kuanzia kwenye sindano

Santuri ya taimukodi haina wimbo ndani yake. Ukiipiga kwenye amplifaya ya kawaida utasikia mlio mmoja tu, mwembamba, unaokera, kuanzia ukingoni hadi karibu na lebo. Kazi yake ni kuiambia kompyuta mkono wako unafanya nini. Sindano inauokota mlio, waya zinaupeleka kwenye kadi ya sauti, na programu ya DJ inausikiliza ili ijue santuri inakwenda mbele au inarudi, kwa kasi gani, na sindano iko sehemu gani. Baada ya hapo faili lako, liwe singeli au rumba ya Kinshasa, linachezwa kwa mwendo uleule wa mkono.

Kwa hiyo wimbo ukigoma, ukirudi kinyume au ukitetemeka, fuata njia ya mlio kabla ya kuigusa programu. Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Hapa Kigoma tuna vijana wenye mikono mizuri sana, na vifaa vyao wamevipata kwa jasho, vingi vikiwa vya mtumba. Kifaa kikisumbua, wanachokimbilia ni kufuta programu na kuiweka upya. Bando linakwisha, usiku unakwisha, na asubuhi tatizo liko palepale kwa sababu chanzo chake ni vumbi jekundu la Ujiji lililoganda kwenye ncha ya sindano.

Jifunze kwanza kulisoma duara

Kila mfereji wa santuri una pande mbili, kushoto na kulia. Kwenye taimukodi pande zote mbili zimechongwa wimbi lilelile, ila moja limemtangulia mwenzake kwa robo ya mzunguko. Santuri ikienda mbele, upande mmoja hutangulia. Ukiivuta nyuma, mwenzake hutangulia. Programu hujua mwelekeo kwa njia hiyo. Kasi inaijua kwa kuhesabu mawimbi. Santuri za programu ya Serato hutoa mawimbi 1,000 kwa sekunde zikizunguka mara 33⅓ kwa dakika, za kwanza za programu ya Traktor hutoa 2,000, na Traktor MK2 hutoa 2,500. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, kwa hiyo kwenye santuri ya Serato mawimbi 1,800 hupita chini ya sindano kila sahani, ile inayobeba santuri, inapozunguka mara moja.

Ukiyachora mawimbi hayo mawili kwenye skrini, moja kwa urefu na jingine kwa upana, unapata duara. Serato inalo, Traktor inalo, na Mixxx, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, inalo kwenye ukurasa wa mipangilio ya santuri. Weka sindano, washa sahani, tazama. Duara safi, la mviringo kamili, lenye mstari mwembamba, maana yake kila kitu kutoka kwenye sindano hadi kwenye kadi ya sauti kiko sawa, na hapo ndipo una haki ya kuishuku programu. Likiwa na umbo lolote jingine, umbo hilo linakueleza pa kwenda.

Hakuna duara, kuna nukta tu katikati

Mlio haufiki, au unafika ukiwa dhaifu mno. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni kuchanganya fono, tundu la umeme dhaifu wa sindano, na laini, tundu la umeme uliokwisha kukuzwa. Sindano hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, na huhitaji kukuzwa kabla haujafika ngazi ya laini. Ukiuchomeka moja kwa moja kwenye tundu la laini, programu itaona nukta inayotikisika. Angalia swichi ya kadi ya sauti au ya mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) na uipeleke kwenye fono. Kama mashine yako ya santuri ni zile za bei nafuu zenye swichi ya fono na laini mgongoni, basi pande zote mbili ziseme lugha moja: mashine ikitoa laini, kadi ipokee laini. Ukikosea kwa upande mwingine, yaani laini kuingia kwenye fono, duara linavimba, linagonga ukuta na kuanza kufanana na mraba.

Swichi ikiwa sawa na bado kuna kimya, tazama ruhusa. Kompyuta haijui kwamba kilichochomekwa ni mashine ya santuri. Kwake sauti yoyote inayoingia ni maikrofoni. Tangu macOS ya mwaka 2018, ile iitwayo Mojave, kila programu lazima ipewe ruhusa ya maikrofoni, na Windows 10 nayo ina swichi ya aina hiyo kwenye mipangilio ya faragha. Ukibonyeza "kataa" kwa haraka siku ya kwanza, programu itabaki kiziwi hadi urudi kuifungulia. Ukiwa kwenye Windows, zima pia nyongeza za kusafisha sauti ya maikrofoni. Kazi ya nyongeza hizo ni kufuta milio isiyobadilika, na taimukodi ni mlio wa namna hiyohiyo.

Jambo jingine nalitaja kwa sababu naulizwa sana: tundu dogo la maikrofoni la laptopu halitoshi. Mengi ya matundu hayo hupokea upande mmoja tu, na upande mmoja hauwezi kuonyesha mwelekeo. Mashine mbili zinahitaji kadi yenye njia nne za kuingizia sauti, mbili kwa kila mashine, na njia nne za kutolea kama unachanganya kwenye mikisa ya nje.

Mstari badala ya duara

Upande mmoja umekufa. Mstari ukiwa umelala au umesimama wima, mlio wa kushoto au wa kulia haufiki kabisa. Ukiwa wa mshazari, pande zote zinapokea mlio uleule, kwa kawaida kwa sababu zimeunganishwa kuwa moja mahali fulani: kwenye kigeuzi cha waya, au kwenye mipangilio ya kadi iliyowekwa mono.

Njia ya kumpata mkosaji ni kubadilishana, na inafaa kufanywa kwa utaratibu, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fungua kichwa cha sindano cha mashine ya kushoto ukifunge kwenye ya kulia, na cha kulia ukilete kushoto. Tazama duara. Tatizo likihama pamoja na kichwa, liko ndani ya kichwa: sindano, katriji (kijumba kinachoshika sindano), au zile waya nne ndogo nyuma yake. Lisipohama, rudisha vichwa mahali pake, kisha badilisha jeki zinazoingia kwenye kadi ya sauti, za kushoto ziende kulia na za kulia zije kushoto. Likihama sasa, kosa liko kwenye mashine au waya wake. Likibaki palepale, kosa liko kwenye kadi au mpangilio wa programu. Hujatumia hata shilingi moja, na tayari unajua kitu gani cha kumpelekea fundi.

Mara nyingi utaishia kwenye kichwa. Sehemu ya nyuma ya kichwa ina vichomo vinne vinavyogusana na vichomo vya mkono wa mashine, na karibu na ziwa chuma hupata ukungu wa kutu haraka. Futa vichomo vyote, vya kichwa na vya ndani ya mkono, kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha vikauke, funga tena kwa nguvu ya kiasi. Angalia kama waya mojawapo kati ya zile nne imechomoka. Nyeupe ni kushoto na mwenzake ni buluu. Nyekundu ni kulia na mwenzake ni kijani.

Duara likiwa limebonyea kama yai, pande zote zinafika lakini moja ni dhaifu. Usafishaji uleule kwa kawaida hulirudisha.

Wimbo unakwenda kinyume

Kosa hili huwatisha watu, na ni jepesi kuliko yote. Pande zimebadilishana nafasi, kwa hiyo programu inaona anayepaswa kufuata ndiye anayetangulia. Jeki nyekundu na nyeupe zimechomekwa kinyume kwenye kadi, zibadilishe. Kama jeki ziko sawa, tazama rangi za waya nyuma ya katriji, hasa ikiwa mtu alibadilisha katriji karibuni. Hata waya wa upande mmoja tu ukigeuzwa, nyekundu ikakaa pa kijani, matokeo ni hayohayo.

Wimbo unakimbia, au unaburuta

Shika kikokotoo. Wimbo wa mapigo 100 ukisikika kwa 135, kuna ongezeko la asilimia 35, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 33⅓ na 45. Sahani inazunguka kwa 45 wakati programu inategemea 33. Ukishuka hadi mapigo 74 hivi, ni kinyume chake. Bonyeza kitufe sahihi kwenye mashine, au rekebisha kwenye programu.

Kasi ikiwa mara mbili au nusu, au duara likiwa safi lakini wimbo hauelewi chochote, aina ya santuri iliyochaguliwa kwenye mipangilio siyo uliyoiweka kwenye sahani. Soma lebo. Hili linawagusa wanunuzi wa mtumba: santuri za Traktor MK2 kwa miaka mingi hazikusomwa na Mixxx, ambayo ilizoea Serato CV02, Traktor za kwanza na MixVibes. Kabla hujalipa, hakikisha programu unayoitumia inaitambua santuri unayouziwa.

Duara lipo lakini lina manyoya, na pichi (kasi ya wimbo) haitulii

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu sababu ni nyingi na hufanana usoni.

Anza na uchafu. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi linaingia kila mahali, na sherehe nyingi tunazifanya uani, chini ya turubai. Tazama ncha ya sindano kwa tochi ya simu. Ukiona kifundo cha uchafu, kisafishe kwa brashi laini ukitoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa pembeni wala kwa kidole. Santuri ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi, kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Na tafadhali, mwenye kushika santuri asitoke kula migebuka ya mawese akaja moja kwa moja mezani. Mafuta yakiingia kwenye mfereji hukamata vumbi, na vumbi lililogandishwa na mafuta halitoki kwa kufuta mara moja.

Uchafu ukiisha na manyoya yakabaki, pima uzito wa sindano. Katriji nyingi za DJ zinataka gramu 3 hadi 4, lakini fuata alichoandika mtengenezaji wako. Uzito mdogo mno hufanya sindano ielee na kurukaruka. Mkubwa mno hula santuri na ncha pamoja. Mkono wa mashine lazima kwanza uelee sawasawa, ndipo ugeuze piga ya namba kuwa sifuri, kisha uongeze. Wengi huruka hatua ya sifuri na kuamini namba iliyoandikwa, nayo haina maana yoyote bila hatua hiyo.

Santuri yenyewe nayo inachakaa. Sehemu unayoipiga kila siku, ile ya mwanzo unapoanzia nyimbo zako, ndiyo inayokwisha kwanza. Peleka sindano katikati ya santuri. Duara likisafika huko, santuri imekula chumvi nyingi ukingoni. Geuza upande wa pili, au badilisha. Santuri iliyoachwa ndani ya gari juani pale stendi ya Masanga hujikunja, na iliyojikunja haina dawa: utaona pichi ikipanda na kushuka kwa mpangilio, mara moja kwa kila mzunguko. Tundu la katikati lililopanuka huleta dalili hiyohiyo, ila hilo linavumilika kwa kuzungushia utepe mdogo kwenye ncha ya sahani.

Kama kupanda na kushuka hakuna mpangilio, shuku mashine. Mashine za mkanda huyumba mkanda ukilegea, na kwa maoni yangu hazifai kazi ya DJ hata zikiwa mpya, kwa sababu ukishika santuri mkanda huteleza na kuchelewa kurudi kwenye kasi. Mota inayoendesha sahani moja kwa moja, kama ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, hurudi karibu papo hapo. Kwenye Technics tazama nukta za ukingoni mwa sahani, zinazomulikwa na taa: kitelezi cha pichi kikiwa sifuri, nukta kubwa zinapaswa kuonekana zimesimama. Taa yake huongozwa na kioo cha kwatzi, kwa hiyo inaaminika hata kwenye jenereta. Taa za mashine nyingi za bei nafuu hufuata umeme wa ukutani, na jenereta isiyotulia kwenye hezi 50 itafanya nukta zicheze wakati sahani yenyewe iko sawa, au zitulie wakati imekosea.

Usisahau kipimo cha usikivu ndani ya programu. Kipange spika zikiwa zimewashwa kwa sauti ya kazini, sindano ikiwa juu ya santuri iliyosimama. Programu ipime kelele za ukumbi halisi. Ukikipanga chumbani kwako kwenye utulivu, kesho Mwanga sokoni wimbo utatembea wenyewe wakati santuri imesimama.

Besi ikiingia, sindano inaruka

Spika zinatikisa meza, meza inatikisa mashine, sindano inauokota mtikisiko huo na kuurudisha. Usiongeze uzito wa sindano kufidia. Tenga meza na spika, weka tofali chini ya miguu ya meza na povu zito la godoro juu ya meza chini ya mashine. Kwenye programu, badili kutoka hali ya kufuata mahali kamili pa sindano kwenda hali ya kufuata mwendo tu. Katika hali hiyo sindano ikiruka mifereji miwili, wimbo hauruki nayo. Kwa kukwaruza napendekeza hali hiyo hata kama meza ni imara.

Mvumo

Mvumo mzito usiokatika unatoka kwenye waya wa ethi, ule mwembamba unaoambatana na jeki. Ufunge kwenye skrubu ya ethi ya mikisa, au ya kadi ya sauti kama ndiyo inayopokea fono. Mvumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu kwa dakika moja. Ukinyamaza, chaja na mikisa zinagombana kupitia ethi mbili tofauti. Ziunganishe vyote kwenye ekstensheni moja. Kuikata pini ya ethi ya chaja, kama wengine wanavyoshauriana, ni kuchezea maisha ya mtu.

Filimbi ya taimukodi inasikika ukumbini

Mikisa inapokea mashine moja kwa moja badala ya kupokea kompyuta, au programu iko kwenye hali ya kupitisha santuri halisi. Rudisha chaneli kwenye laini au USB, kisha zima hali hiyo ya kupitisha.

Mkono unatangulia, sauti inafuata

Bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa, ni kubwa. Kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 inachelewesha kwa milisekunde 23 hivi, ya 512 kwa karibu 12, ya 128 kwa karibu 3, na juu yake kuna ucheleweshaji wa kadi yenyewe. Shusha hatua kwa hatua hadi sauti ianze kukatika, kisha panda hatua moja. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kadi yako, ile ya kupitisha sauti haraka. Toa laptopu kwenye hali ya kubana betri, zima Wi-Fi, na kadi iingie kwenye tundu la kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio cha USB kilichobeba flashi tatu na taa.

Namba zinalingana, nyimbo zinagongana

Hili si tatizo la mashine, ila kwa mji wetu lazima liandikwe. Tunapiga sana muziki wa ng'ambo ya ziwa, na rumba nyingi za zamani zilirekodiwa bendi nzima ikiwa pamoja, bila saa ya kompyuta. Sebene ikiingia, mpiga ngoma anachangamka na mwendo unapanda. Programu imepima wimbo mzima na kukupa namba moja, ambayo si ya mwanzo wala ya sebene. Ukibonyeza sinki, kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo, programu inalazimisha gridi ya mapigo isiyokuwepo na nyimbo zinateleza. Zima sinki, sikiliza kwa headfoni, uendeshe kwa kidole pembeni mwa sahani. Kwa sababu hiyo hasa nazitetea mashine za santuri hapa kwetu: muziki tunaoupenda unapumua, na unahitaji mkono unaopumua nao.

Umeme wa mashine za mtumba

Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100. Sisi tuna 230. Soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka, na kama imeandikwa 100 tafuta transfoma ya kushusha. Baadhi ya Technics za soko la nje zina kigeuzi cha volti chini ya sahani. Nyanyua sahani uhakikishe kiko upande sahihi. Ukitumia jenereta, mashine na kompyuta zipite kwenye stebilaiza, na amplifaya za besi zipewe njia yake.

Ikitokea katikati ya sherehe

Usiuzime muziki kutafuta kosa. Kila programu ina hali ya ndani, ambayo wimbo unaendelea kwa kasi uliyokuwa nayo bila kusikiliza santuri. Ibonyeze, watu waendelee kucheza, kisha kwenye mashine hiyohiyo safisha sindano, kaza kichwa, gusa jeki moja moja huku ukitazama duara. Ikishindikana, hamishia kazi yote kwenye mashine iliyo nzima na uutumie upande wa pili kwa vitufe vya kompyuta hadi bibi harusi atoke ukumbini.